Televisheni ilivyoivunja ligi ya vyuo Marekani, na kwa nini mkimbiaji wa Kenya yamhusu

Tarehe 4 Agosti 2023, katika muda wa siku moja tu, vyuo vikuu vitano vya magharibi mwa Marekani viliihama konferensi ya Pac-12. Oregon na Washington viliondoka kwenda Big Ten. Arizona, Arizona State na Utah vikaenda Big 12. Ilipofika Septemba mosi, Stanford na California cha Berkeley navyo vilikuwa vimepata hifadhi ACC. USC na UCLA, vigogo wa Los Angeles, walikwisha kutangaza safari yao mwaka mmoja kabla, na Colorado kiliaga mwishoni mwa Julai. Katika nyumba iliyojengwa mwaka 1915 na kukaliwa na wenyeji kumi na wawili, wakasalia wawili: Oregon State cha mji wa Corvallis, na Washington State cha mji wa Pullman.

Hilo jina la mwisho lisikupite, ndugu msomaji. Kwa Mkenya anayefuata riadha, Pullman si mji wa kigeni. Ni mji mdogo wa vilima na mashamba ya ngano, mbali na bahari na mbali na kila kitu, lakini huko ndiko vijana wetu walikoandika kurasa nzima za historia ya mbio. Samson Kimobwa alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Helsinki mwaka 1977. Mwaka uliofuata akaja Henry Rono, mwanafunzi mwenzake, akafanya jambo ambalo hadi leo wazee wa riadha hulisimulia kwa kutikisa kichwa: rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Mbili za kwanza hakuziweka Ulaya. Moja aliiweka Berkeley na nyingine Seattle, yaani katika miji ya vyuo vya konferensi ile ile ambayo leo imesambaratika. Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, kwa hivyo Rono hakuwahi kukimbia hata mbio moja ya Olimpiki. Alifariki Februari 2024, miezi michache tu baada ya ligi ya chuo chake kuvunjika.

Baada yake walipita Julius Korir, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki Los Angeles 1984. Peter Koech, fedha ya Seoul 1988. Na Bernard Lagat, aliyetoka Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja mwaka 1996 akahamia Pullman. Kwa hivyo tunapozungumzia pesa za michezo ya vyuo Marekani, tusidhani ni habari za watu wengine. Kuna mlango ambao Wakenya wameupitia kwa zaidi ya miaka hamsini, na wenye nyumba sasa wanabadilisha kufuli.

Kwanza tuelewane konferensi ni kitu gani. Vyuo vikuu vya Marekani havichezi ligi moja ya taifa. Kuna chombo kikuu, NCAA, chenye mizizi ya tangu 1906 na wanachama wapatao 1,100 waliogawanywa katika madaraja matatu. Chini ya chombo hicho, vyuo hujikusanya katika makundi ya kuchezeana, na kila kundi ndilo konferensi. Zamani msingi wa kundi ulikuwa ujirani. Chuo kilicheza na vyuo ambavyo basi la wanafunzi lingevifikia, na watu wa mji mmoja wakapata kuwatania watu wa mji wa pili mwaka mzima.

Ukitaka kuielewa vizuri zaidi, ifikirie kama chama cha akina mama wa mtaani. Kila mmoja ana biashara yake, lakini kapu la pesa ni moja, na mwisho wa mwaka hugawana. Kapu la konferensi hujazwa hasa na televisheni. Konferensi huuza haki za matangazo ya mechi za wanachama wake wote kwa pamoja, kisha fedha hugawanywa, aghalabu sawa kwa sawa. Sasa jiulize: chama kama hicho hufa vipi? Hufa siku wale wawili wenye maduka makubwa wanapogundua kuwa mtaa wa pili kuna chama chenye kapu mara mbili ya hilo, na kinawataka.

Haya hayakuanza juzi. Hadi mwaka 1984, NCAA ndiyo iliyokuwa ikiamua mechi gani za futboli ya Kimarekani zionyeshwe na mara ngapi. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vikaenda mahakamani, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba udhibiti huo ulivunja sheria za ushindani wa biashara. Tangu siku hiyo haki za matangazo zikawa mali ya vyuo na konferensi zao. Mpira wa kikapu ulibaki na shindano lake kubwa la Machi, ambalo NCAA yenyewe huliuza kwa zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka, lakini futboli, ambayo ndiyo ng'ombe mwenye maziwa, ilitoka mikononi mwake kabisa. Miaka arobaini ya kuhamahama iliyofuata, chanzo chake ni hukumu hiyo.

Matokeo yake yamekuwa ya kuchekesha, kama si ya kusikitisha. Big Ten, yenye jina la kumi, ina vyuo 18, kuanzia Rutgers kule New Jersey hadi UCLA upande wa pili wa bara. Big 12 ina 16. Na sisi watu wa pwani hatuna budi kuistaajabia ACC, ambayo jina lake lina maana ya Konferensi ya Pwani ya Atlantiki, na ambayo sasa ina wanachama wawili walioko kando ya bahari ya Pasifiki. Kutoka Stanford hadi Boston, mwanachama mwenzake, ni zaidi ya kilomita 4,300. Ni kama timu ya Mombasa kwenda kucheza mechi ya ligi Lagos, kisha kurudi darasani. Timu ya futboli husafiri hivyo mara chache kwa msimu, na kwa ndege ya kukodi. Lakini voliboli, mpira wa miguu na tenisi ya wasichana nazo zimo katika ligi hiyo hiyo, na mechi zao ni nyingi zaidi na pesa zao ni kidogo zaidi.

Turudi Pac-12, maana jinsi ilivyoanguka ina mafunzo kuliko ukweli wa kuanguka kwenyewe. Konferensi hii ilijiita ya mabingwa, na haikuwa majigambo matupu. Hakuna nyingine iliyobeba mataji mengi ya NCAA kama yake. Tatizo lilikuwa biashara. Mwaka 2012 ilianzisha kituo chake cha televisheni, ikaamua kukimiliki peke yake bila mshirika. Wenzao wa Big Ten na SEC walishirikiana na makampuni makubwa, Fox na ESPN, yenye nguvu ya kubisha kila mlango. Kituo cha Pac-12 kilishindwa kuelewana na DirecTV, mmoja wa wasambazaji wakubwa wa matangazo ya setilaiti, na mamilioni ya nyumba hazikukipata kamwe. Wakati huo huo makao makuu yalikuwa San Francisco, mji wenye kodi za kutisha, na kamishna alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni tano kwa mwaka. Kapu lilikuwa likitoboka chini huku watu wakisifia ususi wake.

Hata hivyo lilikuwa bado na kitu. Katika mwaka wa fedha wa 2022 kila mwanachama alipata takriban dola milioni 37. Ndipo mwezi Juni mwaka huo USC na UCLA wakatangaza kuondoka, na soko la Los Angeles likaondoka nao. Agosti, Big Ten ikatia saini mkataba na Fox, CBS na NBC wa zaidi ya dola bilioni saba kwa miaka saba. Waliobaki Pac-12 walikuwa na mkataba unaokwisha 2024 na walihitaji mpya upesi. Big 12, ambayo nayo ilikuwa imepoteza Texas na Oklahoma kwa SEC na kila mtu akaihesabu maiti, ikawahi sokoni. Oktoba 2022 ilikubali takriban dola milioni 31.7 kwa kila chuo kwa mwaka, ikanyamaza, ikafunga hesabu.

Pac-12 haikunyamaza. Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa baadaye na vyombo vya habari vya Marekani, ESPN ilikuwa tayari kutoa karibu dola milioni 30 kwa kila chuo, na wakuu wa vyuo wakajibu kwa kudai 50. Mwanunuzi akageuka akaenda zake. Anayeuza samaki anajua jambo hili: ukikataa bei ya asubuhi, samaki haongezeki ubichi ifikapo alasiri. Miezi kumi baadaye, kilichowekwa mezani kilikuwa mkataba wa Apple, wa kutazamwa kwa mtandao tu, wenye malipo ya msingi yaliyotajwa kuwa chini ya dola milioni 25, na nyongeza ikitegemea watu wangapi watajisajili. Colorado hakikusubiri. Siku ile ya tarehe 4 Agosti, iliyotarajiwa kuwa ya kutia saini, ikawa ya kuagana.

Angalia pia bei waliyokubali waliokimbia. Oregon na Washington waliingia Big Ten kwa karibu nusu ya mgao wa kawaida. Stanford na California walikubali asilimia 30 tu ya mgao wa ACC kwa miaka saba ya mwanzo. SMU, chuo cha Dallas chenye wahisani matajiri, kilikubali kukaa miaka tisa bila mgao wa televisheni ili tu kiingie. Watu hawalipi namna hiyo kwa sababu ya kupenda safari. Walilipa kwa kuogopa kubaki nje.

Na siasa zake hazikukosa vituko. UCLA na Berkeley vyote ni mali ya umma, chini ya bodi moja ya Chuo Kikuu cha California. UCLA kilipohama kilimharibia ndugu yake soko, kwa hivyo bodi ikaamua UCLA kimlipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka. Waandishi wa huko waliita malipo hayo masurufu ya talaka. UCLA chenyewe, pamoja na mali yote ya Big Ten iliyokuwa mbele yake, kilifunga mwaka wa fedha wa 2024 na nakisi ya zaidi ya dola milioni 50 katika idara ya michezo.

Hapo ndipo mtu wa kawaida hushangaa. Pesa zote hizi, na bado kuna nakisi? Ndiyo, na sababu si siri. Idara ya michezo ya chuo kikuu haina wenye hisa wa kugawiwa faida. Kila dola inayoingia hutafutiwa matumizi: viwanja, vyumba vya mazoezi vya fahari, makocha. Novemba 2023 chuo cha Texas A&M kilimfukuza kocha wake wa futboli, Jimbo Fisher, na kwa mkataba waliotia saini wao wenyewe kikalazimika kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifanye kazi. Hiyo ni karibu shilingi bilioni 10 za Kenya, kwa mtu mmoja, kwa kuondoka. Anayedhani ufujaji wa pesa za umma ni ugonjwa wa kaunti zetu tu na aitazame hesabu hiyo mara ya pili.

Vyuo viwili vilivyoachwa havikulia pembeni. Vilikwenda mahakamani katika kaunti ya Whitman, huko huko kwenye mashamba ya ngano, na hoja yao ilikuwa nyepesi: aliyetangaza kuihama nyumba hana tena kura ya kuamua vyombo vya ndani. Jaji alikubaliana nao Novemba 2023, na mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ikakataa kuingilia. Wahamaji kumi wakaishia kwenye suluhu iliyowaachia wawili hao takriban dola milioni 65 na udhibiti wa konferensi. Kwa fedha hizo wakaanza kujenga upya. Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State wakashawishiwa kutoka Mountain West, Gonzaga akaja kwa michezo isiyo futboli, na Juni 2025 Texas State akakamilisha idadi ya wanane wanaohitajika kwa futboli. Konferensi mpya ilipangiwa kuanza Julai 2026. Mountain West wakakumbusha kuwa walikuwa wameandikiana ada ya kuibiana wanachama, zaidi ya dola milioni 50, na Pac-12 ikaenda mahakamani kuipinga. Naam, aliyeibiwa alijifunza kuiba haraka. Simlaumu sana, lakini na asivae joho la mnyonge.

Haya yote yangebaki kuwa kelele za wakubwa kama si jambo la pili lililofika kwa wakati mmoja. Kwa zaidi ya karne, mwanafunzi anayecheza hakuruhusiwa kulipwa. Alipata ada, chumba na chakula, basi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja ya majaji tisa, iliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, na Julai mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kupata pesa kwa matangazo ya biashara yanayotumia majina na sura zao. Kisha Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken wa California akaidhinisha suluhu ya kesi ya House. Wachezaji wa zamani watalipwa takriban dola bilioni 2.8 kwa muda wa miaka kumi. Na kuanzia msimu wa 2025-26, chuo kinachotaka kinaweza kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka huo wa kwanza. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya bilioni 2.6.

Mimi ni miongoni mwa wanaoona kuwa haki ilichelewa. Kijana anayejaza uwanja wa watu laki moja alikuwa akistahili zaidi ya sahani ya chakula. Lakini milioni 20.5 hazikuja na kapu jipya; zinatoka kwenye lile lile. Mgawanyo ambao vyuo vingi vikubwa vimeufuata ni kiasi cha robo tatu kwa futboli, asilimia 15 au karibu yake kwa kikapu cha wanaume, asilimia tano kwa kikapu cha wanawake, na michezo mingine yote, riadha ikiwemo, igombanie makombo. Na suluhu ile iliondoa kikomo cha zamani cha idadi ya ufadhili, ikaweka badala yake kikomo cha kikosi: wanafutboli 105, riadha 45 kwa kila jinsia, mbio za nyika 17. Hapo awali kocha wa riadha wa wanaume alikuwa na ufadhili kamili 12.6 wa kukatakata vipande, lakini angeweza kubeba vijana wengi waliojilipia. Sasa kisheria anaweza kufadhili wote alio nao, ila wasizidi hesabu, na ila mkuu wake ampe pesa. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Makato yameanza. Cal Poly cha California kilifuta uogeleaji Machi 2025 na kutaja wazi gharama za mfumo mpya. Mwezi huo huo Saint Francis cha Pennsylvania, kikiwa ndiyo kwanza kimetoka kucheza kwenye shindano kubwa la kikapu, kilitangaza kushuka kutoka daraja la kwanza hadi la tatu, ambako hakuna ufadhili wa michezo kabisa.

Na Pullman? Juni 2025, siku kumi baada ya Jaji Wilken kutia saini, Washington State kilitangaza kuwa timu yake ya riadha inaacha kuruka na kutupa, inapunguza mbio fupi na viunzi, na kubaki hasa timu ya masafa marefu. Chuo kilichowahi kuwa hofu ya Marekani nzima katika riadha kikakata viungo vyake viwili na kubakiza miguu.

Kwa nini masafa marefu yaliokoka? Wengine watasema ni heshima kwa Rono na wenzake. Ningependa iwe hivyo. Hesabu inatoa jibu kavu zaidi. Ili chuo kibaki katika ngazi ya juu ya futboli, NCAA hukitaka kiwe na timu zisizopungua 16 katika michezo mbalimbali. Sasa, mbio za nyika, riadha ya ndani na riadha ya nje huhesabiwa kama michezo mitatu, na kwa wanaume na wanawake inakuwa sita. Mkimbiaji wa masafa marefu hukimbia nyika vuli, ndani wakati wa baridi, na nje majira ya kuchipua. Mtu mmoja, hesabu tatu. Hahitaji godoro la kurukia, wala uzio wa kutupia kisahani, wala kocha wa upondo. Anahitaji viatu na kilima, na Pullman ina vilima vya kutosha. Kwa lugha ya wazi, mkimbiaji wa masafa marefu ndiye mwanaspoti wa bei nafuu zaidi anayeliwezesha jahazi la futboli kubaki majini.

Hiyo ndiyo nafasi ya Mkenya katika uchumi huu, na ni vyema tuitazame bila kujidanganya. Vijana wetu bado wanatakiwa, pengine kuliko wakati wowote, kwa sababu kocha mwenye nafasi 17 hawezi tena kulea kinda kwa miaka mitatu akingoja aive. Anataka aliyeiva. Angalia Doris Lemngole wa Chuo Kikuu cha Alabama: bingwa wa NCAA wa kuruka viunzi na maji 2024 na 2025, na wa mbio za nyika 2024. Kila kocha anamtafuta Lemngole wake, na ndege za kwenda Eldoret zinalijua hilo. Lakini upande wa pili wa sarafu ni manung'uniko ya Wamarekani kwamba wageni wenye umri mkubwa wanawanyima watoto wao nafasi. Manung'uniko hayo yalikuwepo enzi za Rono. Tofauti ni kwamba wakati ule kikosi kilikuwa na nafasi ya kumweka mtoto wa mwenyeji pembeni ya mgeni. Leo kiti cha mmoja ni kiti cha mwingine.

Fauka ya hayo, zile pesa mpya zenyewe hazimfikii kwa urahisi. Mkenya huyo yuko Marekani kwa visa ya mwanafunzi, na visa hiyo inabana sana kazi ya kulipwa. Mwenzake Mmarekani akitangaza viatu au akipewa mgao na chuo, ni halali yake. Mgeni akifanya hivyo bila mwanasheria anacheza na makaratasi ya kuishi nchini. Kwa hiyo anashiriki hasara ya mfumo mpya, yaani nafasi chache, ilhali faida yake anaitazama kwa dirishani.

Sisi wa Pwani je? Tukubali kwamba treni hii kwa miaka hamsini haikusimama sana vituo vyetu. Ilipakia Bonde la Ufa. Ila siku hizi mambo yamegeuka kidogo. Wazazi wa Kilifi, Kwale na Mombasa wanasikia neno skolashipu ya michezo, na si kwa mbio ndefu tu; kuna kandanda, kuogelea, voliboli, kikapu. Wengi hawajui kuwa hiyo michezo mingine, kwa vyuo vingi vya kule, ndiyo inayokaa karibu na mlango wa kutokea. Kandanda ya wanaume haina televisheni ya maana katika vyuo vya Marekani, na kikosi chake sasa kina kikomo cha wachezaji 28. Uogeleaji ni wa gharama na haulipi. Kwa hiyo barua ya kumwita mtoto isisomwe kwa jina la chuo tu. Isomwe pamoja na maswali ambayo zamani hayakuwa na haja: timu hii iko konferensi gani, na mkataba wa televisheni wa konferensi hiyo unakwisha lini? Ufadhili ni wa miaka mingapi, na unafunika chakula, malazi na bima, au ada peke yake? Mchezo ukifutwa mtoto akiwa mwaka wa pili, anamalizia shahada kwa pesa za nani?

Kuna hili la mawakala pia, na hapa nasema polepole ili lisikike. Ukiletewa mtu anayesema atamtafutia mwanao chuo na malipo yake ni sehemu ya ufadhili atakaopata, mwambie asante na umsindikize hadi barabarani. Kanuni za NCAA zinakataza malipo ya namna hiyo, na anayeadhibiwa ni mwanafunzi: anaweza kunyimwa ruhusa ya kushindana baada ya kufika. Vivyo hivyo, mbio za barabarani za kushindania pesa kabla ya kujiunga, na miaka ya kukaa nyumbani baada ya kumaliza sekondari, huzua maswali ambayo huulizwa mtoto akiwa tayari ameshauza kuku na kulipia visa.

Hata tukibaki nyumbani, suala la nani anajaza kapu halituepuki. Bandari FC inasimama kwa mgongo wa Halmashauri ya Bandari. Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa havina televisheni ya kuwalipa. Huo ni unyonge, lakini una nafuu moja: hakuna kampuni ya matangazo inayoweza kuamka asubuhi na kuamua kuwa Kilifi na Mombasa si majirani tena.

Kule Marekani, kampuni hizo zitaamka tena, na tarehe zinajulikana. Mkataba wa Big Ten unafika mwisho msimu wa 2029-30. Wa Big 12 unafuata 2030-31. Mtoto aliyeingia Gredi ya 10 Januari 2026 atamaliza sekondari 2028. Akijaliwa mguu mwepesi na barua ya chuo, atakuwa mwaka wa kwanza au wa pili huko wakati wakubwa wanakaa tena mezani kupanga nani ahamie wapi na nani aachwe.